Umma na Jukwaa: Nani Mwenye Mamlaka ya Kuumaliza Mchezo?

Utangulizi

Katika madarasa yetu ya itikadi tumezoea kusema kwamba sanaa ni silaha ya umma. Usemi huo ni sahihi, lakini mara nyingi tunausema bila kuuchambua. Silaha yoyote ile huwa mikononi mwa mtu. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo kada hana budi kujiuliza ni hili: nani ameishika? Kama viongozi ndio wanaochagua la kusemwa, wasanii ndio wanaoigiza, na wananchi kazi yao ni kukaa juani na kupiga makofi wanapoashiriwa, basi silaha hiyo haimo mikononi mwa umma, hata kama maneno yanayoimbwa yanausifu umma huo mwanzo hadi mwisho.

Katika makala hii tutajaribu kueleza aina ya sanaa ambayo watazamaji wanaalikwa kuiunda pamoja na wasanii. Tutaonyesha kwanza kwamba sanaa hiyo si ngeni kwetu. Pili, tutaonyesha jinsi watu walivyotengwa na jukwaa. Tatu, tutaeleza majaribio ya kuwarudisha. Nne, tutasimulia funzo tulilolipata sisi wenyewe Mapinga, funzo ambalo halitupi sifa. Mwisho tutataja wajibu wa makada.

1. Asili yake ni kwetu

Anayedhani kwamba kumshirikisha mtazamaji ni ugunduzi wa Ulaya au Marekani, na ashuke Mapinga siku ya shughuli. Mapinga iko kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, baada ya Bunju na kabla ya Kerege, katika nchi ya Wazaramo na Wakwere. Mdundiko wa Kizaramo hauchezwi mahali pamoja ukatazamwa. Huanzia kwenye nyumba yenye shughuli, ukatoka, ukashika njia. Mama aliyekuwa anaosha vyombo huacha vyombo akaingia. Kijana aliyekuwa kijiweni huingia. Aliyechoka hutoka, na nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Huwezi kusema hawa ni wachezaji na wale ni watazamaji, kwa sababu aliyekuwa mtazamaji hatua ishirini nyuma sasa ndiye anayeanzisha wimbo.

Ngano nayo ni hivyo hivyo. Fanani husema "Paukwa!" na watu hujibu "Pakawa!" Asipojibiwa haendelei, maana ile si salamu tu, ni kibali. Katika taarabu, mtu anayekwenda kumtunza mwimbaji huchagua ubeti wa kuinukia. Akiinuka penye ubeti unaomhusu jirani yake, wimbo huo umekuwa kauli yake yeye, na ukumbi mzima umeelewa. Mwimbaji ametoa sauti na mtunzaji ameongeza maana.

Hata hivyo tusizipambe jadi zetu kupita kiasi. Kushiriki si sawa na kuwa huru. Katika ngoma nyingi mzee alikuwa na neno la mwisho, mwanamke alikuwa na mahali pake, na kijana alifundishwa kutii. Tunachokirithi ni ule mwenendo wa kwamba kazi ya sanaa haikamiliki bila mkono wa kila aliyehudhuria. Mamlaka ya mkono huo ni jambo la kupigania.

2. Jinsi watu walivyotengwa na jukwaa

Ukoloni ulileta mtazamo mwingine kabisa wa sanaa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa sinema za kuwaelimisha Waafrika. Zilitengenezwa sinema zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya na fedha, zikazungushwa vijijini. Msingi wa mradi ule ulikuwa kwamba mwenye ujuzi anazungumza na mjinga anatazama. Mwanakijiji hakuwa na njia ya kuijibu picha. Aliyekatwa kodi na kuchukuliwa manamba aliambiwa kwamba tatizo lake ni kutojua usafi na kilimo bora, na hakuna mahali katika sinema ile alipoweza kusimama na kusema kwamba tatizo lake ni kodi.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitangaza Bungeni tarehe 10 Desemba 1962 kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Shabaha ilikuwa kurudisha heshima ya ngoma zetu zilizodharauliwa. Mwaka 1963 kikaundwa kikundi cha ngoma cha Taifa. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na ya kimapinduzi. Lakini tunapaswa kujikosoa. Ngoma zilipotolewa vijijini zikapelekwa jukwaani, duara lilinyooshwa likawa mistari, na wachezaji wakageuzwa uso kumwelekea mgeni rasmi. Ngoma ya usiku kucha ilifupishwa ikawa ya dakika chache. Tuliiokoa ngoma dhidi ya dharau ya mkoloni, lakini hatukuliokoa duara.

Ngonjera ni mfano mwingine. Mwaka 1968 Mwalimu aliwaomba washairi wasaidie kulieneza Azimio la Arusha, na malenga Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA waliitika kwa moyo mkubwa. Watoto wa shule nchi nzima wakazijua siasa za nchi yao kwa ushairi. Hiyo ni kazi ambayo hatuwezi kuibeza. Lakini tuutazame muundo wa ngonjera nyingi za wakati ule. Asiyejua anauliza, anayejua anajibu, asiyejua anabisha kidogo, na mwisho anakubali na kushukuru. Haikutokea katika ngonjera hizo kwamba asiyejua akawa ndiye mwenye hoja. Mshindi alijulikana kabla ya ubeti wa kwanza.

Tangu miaka ya 1990 limejitokeza umbo jipya la tatizo lile lile. Vikundi vingi vya sanaa vimepata riziki kwa fedha za wafadhili, na vimejifunza kuitisha maigizo yenye maswali kwa watazamaji. Kwa nje, umma unashiriki. Lakini mada imechaguliwa na mwenye fedha na jibu sahihi limeandikwa katika mkataba. Mtazamaji anayesimama na kusema, "Hapa shida yetu kubwa ni ardhi," anaambiwa kwa upole kwamba leo tunazungumzia chandarua. Huo ni ushirikishwaji wa midomo, mamlaka haimo.

3. Majaribio ya kuwarudisha watu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando (baadaye Mlama), Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walianza kufanya kazi kwa njia nyingine. Mwaka 1982 na 1983 walikuwa katika kijiji cha Malya, Mkoa wa Mwanza. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 kazi kama hiyo ikafanyika Msoga, katika Wilaya ya Bagamoyo ya wakati huo. Hawakuja na mchezo mfukoni.

Utaratibu wao unafaa kufahamika hatua kwa hatua. Kwanza, wasanii na wanakijiji wanachunguza kwa pamoja matatizo ya mahali pale, kwa kuzungumza na watu mashambani, kisimani na vilabuni. Pili, wanayachambua: lipi ni chanzo na lipi ni dalili? Tatu, wanakijiji wenyewe wanatunga igizo, ngoma au wimbo kwa sanaa wanazozijua. Nne, linaonyeshwa mbele ya kijiji kizima, na mjadala unafuata pale pale. Tano, kuna ufuatiliaji, yaani kurudi kuangalia kama yaliyokubaliwa yametendeka. Huko Malya tatizo lililojitokeza kwa nguvu ni mimba za wasichana. Jambo ambalo katika mkutano wa kawaida lingemalizwa kwa karipio kwa wasichana, katika igizo lililazimu kuuliza pia habari za wanaume na za wazazi.

Kutoka katika mkondo huo huo ulizaliwa mwaka 1996 mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ambamo wasichana hutumia maigizo kuyataja matatizo yao na kudai ufumbuzi. Jina lenyewe linatosha kuwa somo. Halikuwa "Tuwaambie".

Jirani zetu wa Kenya walilipia njia hii kwa gharama kubwa zaidi. Huko Kamiriithu, karibu na Limuru, wakulima na vibarua wa mashamba na viwanda walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi la kuketi watu wapatao 2,000. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, lakini mazoezi yalifanywa hadharani na wanakijiji wakausahihisha: huyu mzee hawezi kusema hivi, wimbo huu hauimbwi namna hii, kiwandani mambo hayako hivyo. Ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977, na mwezi Novemba Serikali ikafuta kibali. Mwishoni mwa mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Vitabu vyake vya Kiingereza vilivyowakosoa watawala vilikuwa vikisomwa kwa miaka kadhaa bila yeye kukamatwa. Ni dhahiri kwamba kilichoogopwa ni wakulima kushika kalamu pamoja naye.

Nchini Brazili, Augusto Boal aliifikisha hoja hii mbali zaidi. Alipokuwa uhamishoni, mwaka 1973, alishiriki katika kampeni ya kufuta ujinga nchini Peru. Desturi yake wakati ule ilikuwa kusimamisha igizo, kuwauliza watazamaji mhusika afanye nini, na waigizaji wakatekeleza shauri hilo. Siku moja mwanamke mmoja alitoa shauri, waigizaji wakaliigiza, akasema sivyo. Wakarudia, akasema bado sivyo. Mwishowe akaitwa apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Hapo Boal akatambua kwamba anayeleta shauri na anayelitekeleza wasitenganishwe. Kuanzia 1993 hadi 1996 alikuwa diwani katika jiji la Rio de Janeiro, na maigizo ya namna hiyo katika mitaa yakawa chemchemi ya miswada. Sheria zipatazo 13 za jiji zilipitishwa kutokana nayo. Tunasisitiza mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba mwisho wa mchezo unaweza kuwa kikaoni.

4. Funzo la Mapinga

Sasa tueleze yaliyotupata. Tuliombwa kuendesha darasa la siku tatu Mapinga kuhusu uongozi na haki za mwananchi. Kwa kuwa tulikuwa tunafundisha ushirikishwaji, tuliamua kutumia igizo. Vijana wa pale wakatueleza tatizo linalowasumbua watu, nalo ni viwanja. Mji wa Dar es Salaam umepanda kuja kaskazini, bei ya ardhi imepanda nao, na shamba la mikorosho lililokuwa halina mwenye haraka sasa lina wanunuzi watatu. Tukatunga pamoja nao igizo la mjane ambaye kiwanja chake kimeuzwa mara ya pili kwa mtu wa mjini, kwa karatasi yenye mihuri.

Lakini mwisho tuliuandika sisi walimu, usiku, bila wao. Katika mwisho wetu mjane anakwenda kwenye baraza, anasikilizwa, haki inatendeka, na wote wanaimba. Tuliona kwamba mwisho wa namna hiyo unajenga imani.

Siku ya onyesho watu walikuja wengi, na mgeni mmoja wa ngazi ya juu akaketi mbele. Igizo lilikwenda vizuri mpaka mjane alipoinuka kwenda barazani. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekaa chini ya mwembe na ndoo yake, akasimama. "Samahanini walimu," akasema, "huyo mjane nauli ya kwenda barazani mara saba kaitoa wapi?"

Watu wakacheka, nasi tukadhani ni mzaha. Akaendelea. "Mimi sichekeshi. Siku ya kwanza wataambiwa karani hayupo. Siku ya pili mwenzake hakuja. Mwigizeni anavyorudi nyumbani, na kuku aliouza ili apate nauli."

Kijana mmoja wa bodaboda akadakia kutoka pembeni: "Na wale mashahidi wa mpaka mbona hamkuwaweka? Karatasi haitoki bila jirani kutia saini." Hapo kicheko kikakoma. Baadhi ya waliokuwa wamekaa pale walikuwa wamewahi kutia saini za namna hiyo na kupokea chochote, na kila mtu alijua. Mzee mmoja akaanza kusema, "Mwanangu, na sisi tuliosaini tulidanganywa..." na hakumaliza.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulimtazama mgeni, tukaona uso wake umebadilika, tukaingiwa na hofu. Tukasema muda umekwisha, tukawashukuru wananchi kwa michango yao mizuri, tukaamuru wimbo wa mwisho uimbwe. Mjane akapata haki yake kwa nyimbo. Yule mama akaketi, akaichukua ndoo yake, akaondoka kabla ya wimbo kwisha.

Usiku ule tulijadiliana mpaka saa nane. Mmoja wetu alisema neno ambalo hatujalisahau: kwamba tulikuwa tumetoka kulifundisha darasa habari za umangimeza, kisha tukauonyesha kwa vitendo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye kiburi na ubwana, ukaeleza kwamba hatua inayowaongezea watu uwezo wa kuyaamulia mambo yao ndiyo ya maendeleo. Sisi tulikuwa tumewapunguzia uwezo huo mbele ya macho yao, na tulifanya hivyo kwa jina la sanaa shirikishi.

Asubuhi tulikwenda nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi. Hakutulaumu sana. "Nilikuwa nawasaidia wanangu," alisema. "Mchezo wenu ulikuwa mzuri, ila haukujua njia." Alikubali kurudi.

Siku ya tatu igizo lilirudiwa bila mwisho. Yeye mwenyewe alicheza mjane. Kijana wa bodaboda alicheza shahidi wa mpaka, na mara tatu watu walimsimamisha wakajaribu kumzuia asitie saini: wa kwanza kwa kumwomba, wa pili kwa kumtisha, wa tatu kwa kumwuliza mbele za watu ni nani aliyempa karatasi ile. Mara ile ya tatu peke yake ndiyo iliyomshinda. Mjadala uliofuata haukuwa juu ya tabia njema. Ulikuwa juu ya utaratibu. Walikumbushana kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha. Wakakubaliana kwamba kuanzia hapo mauziano yatangazwe mkutanoni kabla jirani yeyote hajatia saini.

Hatudai kwamba igizo lilimaliza utapeli wa viwanja. Hakuna igizo linaloweza hilo, na anayedai hivyo anauza dawa ya uongo. Tunachodai ni kwamba siku ya pili watu waliondoka na wimbo wetu, na siku ya tatu waliondoka na azimio lao.

5. Pingamizi mbili

Makada wengine wanapinga njia hii kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba wananchi watatoka nje ya mada. Ni kweli, watatoka. Lakini mara nyingi anayetoka nje ya mada yetu ndiye anayeingia ndani ya mada yake, na kazi ya kada ni kuzitazama mada mbili hizo na kujiuliza ipi ina uzito. Yule mama wa Mapinga alitoka katika mada ya haki akaingia katika mada ya nauli. Mwenye kujua maisha ya mkulima anaelewa kwamba haki isiyofikika kwa nauli ya mkulima si haki yake bado.

Hoja ya pili ni kwamba kiongozi atavunjiwa heshima hadharani. Hapa lazima tutofautishe mambo mawili. Igizo halimtaji mtu, linauonyesha mwenendo. Kiongozi mwadilifu anapouona mwenendo mbaya ukiigizwa, anapata habari ambazo hakuna taarifa ya ofisini itakayompa. Anayejitambua katika igizo na kukasirika, ugomvi wake si na waigizaji. Zaidi ya hayo, lisilosemwa mbele ya jukwaa litasemwa nyuma ya nyumba, na huko hakuna azimio litakalopatikana.

6. Wajibu wetu

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza kwa kila kada anayetumia sanaa katika elimu ya siasa mambo yafuatayo:

(a) Mada ichaguliwe na watu wa mahali pale baada ya uchunguzi, hata kama haimo katika mtaala tuliopewa.

(b) Igizo liachwe bila mwisho. Kada anayeandika mwisho usiku ajue kwamba ameshawanyang'anya watu mchezo.

(c) Viti vipangwe kwa duara. Mgeni rasmi aketi ndani ya duara kama wengine, naye ajue mapema kwamba anaweza kuitwa kuigiza.

(d) Anayepinga asikatizwe kwa kisingizio cha muda. Kama muda hautoshi, wimbo ndio ukatwe.

(e) Yaliyokubaliwa yaandikwe na kupelekwa katika kikao chenye mamlaka, na tarehe ya kurudi kuyauliza itajwe mbele ya wote.

(f) Tushirikiane na wenye taaluma. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kiko barabara ile ile inayopita Mapinga. Si haki kwamba watalii wanakijua kuliko wakulima walio njiani.

Hitimisho

Mdundiko unapopita mlangoni haumwombi mtu aupigie makofi. Unamtaka aingie, na akishaingia unabadilika kwa sababu yake. Hicho ndicho kipimo tunachopaswa kuzipimia kazi zetu zote za sanaa, na kusema kweli, mikutano yetu yote. Tusitosheke kuuliza kama watu walikuwa wengi na kama walifurahi. Tuulize kama kuna kitu kilichobadilika kwa sababu mmoja wao alisimama akasema "sivyo". Kama hakuna, basi tuliwaonyesha tu, na tarehe ya kurudi bado tunadaiwa.